Muulize Nesi: "Apu yangu ya sukari, wagonjwa wameikimbia"

Wiki hii nimepata barua tatu zinazofanana kama vile watu walikaa wakapanga, zote zinahusu simu na ugonjwa, kwahiyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu imenigusa na najua wapo vijana wengi wanahangaika na kazi kama hii hawana wa kumuuliza.

SWALI: Shikamoo dada nesi. Mimi ni kijana wa miaka 26, niko Mwanza, nimesomea mambo ya kompyuta. Mama yangu ana kisukari huu mwaka wa tisa, mwaka jana alilazwa wiki nzima sukari ilimpanda vibaya, ndio nikaamua nimtengenezee apu yeye na wagonjwa wenzake. Mgonjwa anajaza sukari yake mara nne kwa siku, alichokula, uzito, dawa na mazoezi, alafu apu inamchorea grafu na inamkumbusha akisahau. Niliwapa watu 20, wote wana simu janja. Wiki ya kwanza walijaza vizuri kabisa, wiki ya nne wamebaki wawili na mmoja ni mama, nahisi na yeye anajaza ili nisijisikie vibaya. Nimebadili rangi, nimeongeza pointi na zawadi, hamna kitu. Nimekosea wapi? Sitaki kuacha dada, kwa kweli sitaki.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza. Usiache. Mimi nimekaa kliniki ya sukari na presha miaka 14 na nimeshaitwa mara kadhaa kukaa na vijana kama wewe, na swali ninaloanzaga nalo ni hili: mama yako akishajaza hizo namba, yeye anapata nini? Chukulia ni saa 12 asubuhi, kimashine kimesoma 13.2. Ameingiza. Grafu imepanda. Sasa afanye nini? Apunguze sukari kwenye chai, aache lile andazi, ameze dawa mapema, aje kliniki, au asubiri kesho apime tena? Hapo ndipo anapohitaji msaada na hapo ndipo apu yako inanyamaza. Yaani umemfanya mama awe karani wa ugonjwa wake mwenyewe, anaandika taarifa mara nne kwa siku za kumpelekea mtu ambaye hayupo. Hao 18 sio wavivu, walichoka kutoa bila kupokea.

Mwaka mzima una masaa 8,760. Mgonjwa wangu anakuja kliniki labda mara nne kwa mwaka, na akikaa na daktari dakika kumi kumi hapo ana bahati, piga hesabu ni dakika 40. Masaa yote yaliyobaki ni yeye peke yake na maamuzi madogo madogo, kwenye msiba amewekewa sahani ya wali, sokoni, kwenye basi la kwenda Shinyanga insulini iko kwenye mkoba na jua ni kali. Kwahiyo usianze na "ni taarifa gani nikusanye", anza na "ni maamuzi gani huyu mtu anayafanya akiwa peke yake", kaa na mama siku mbili ukiwa na daftari uyaandike yote. Nakuhakikishia utajaza kurasa, na nyingi hazitakuwa na namba hata moja. Corbin na Strauss, wataalamu wa Marekani, waliandika tangu miaka ya 80 kwamba mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu ana kazi tatu, kuuhudumia ugonjwa wenyewe, kuendelea kuwa mama au baba au mfanyakazi kama kawaida, na kubeba hofu na huzuni yake. Apu yako imeigusa ya kwanza tu, tena robo yake.

Alafu hizo mara nne kwa siku ulizitoa wapi? Stripu za kupimia ni hela mdogo wangu. Mtu wa vidonge hahitaji kupima mara nne kila siku, na wengi wananunua stripu chache wanazitunza kama dhahabu. Apu inayodai namba nne na kumwekea rangi nyekundu akikosa inamwambia mtu maskini kila siku kwamba ameshindwa. Nilikuwa na mzee mmoja alipata meseji ya apu fulani, HUJAPIMA SUKARI LEO, herufi kubwa zote, kesho yake akapanda daladala mbili akaja kuniuliza kama amefutwa kwenye dawa. Alikuja na karatasi zake zote kwenye mfuko wa nailoni. Sijamsahau mpaka leo. Muulize mgonjwa mwenyewe kliniki imempangia apime siku gani na saa ngapi, apu ifuate hiyo, siku nyingine inyamaze.

Sasa nikupe mfano wa hapo jirani ambao naupenda sana. Kati ya 2007 na 2008 kulikuwa na utafiti Kenya unaitwa WelTel, kliniki tatu, Pumwani, Kajiado na hospitali ya Coptic ya Nairobi, wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza ARV. Nusu yao kila Jumatatu walikuwa wanatumiwa meseji ya neno moja, Mambo? Basi, hakuna lingine. Mgonjwa ana siku mbili za kujibu, akiwa mzima anaandika Sawa, akiwa na tatizo anaandika Shida, na aliyeandika Shida au aliyekaa kimya anapigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010: waliotumiwa meseji asilimia 62 walimeza dawa inavyotakiwa, wasiotumiwa asilimia 50, na waliofubaza virusi ni asilimia 57 kwa 48.

Iangalie hiyo meseji kwa jicho la fundi. Haina jina la ugonjwa, akiishika mume au wifi anaona salamu tu. Inaingia kwenye kitochi chochote, haili bando. Haimuulizi mtu "umemeza dawa?" kama mwalimu wa zamu, inamuuliza hali. Na kikubwa kuliko vyote, upande wa pili kuna mtu, ukisema shida simu inaita. Mimi naamini kilichofanya kazi pale ni ile simu ya nesi, meseji ilikuwa inamwonyesha nesi nani apigiwe leo kati ya mamia. Wewe apu yako mgonjwa akiingiza 22, nani anajua? Kama jibu ni hakuna, basi hilo ndio litatue kabla ya rangi.

Na usifikiri kukumbusha sana ndio kusaidia. Kuna utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, kliniki ya Chulaimbo, ulitoka 2011, wagonjwa 431 wa ARV, wengine walipata meseji kila siku wengine mara moja kwa wiki, wakafuatiliwa wiki 48. Wa kila wiki asilimia 53 walifikia kumeza angalau asilimia 90 ya dawa, wasiopata meseji asilimia 40, na wale wa kila siku hawakuwa na tofauti ya maana na wasiopata kabisa. Mtu akisikia kengele kila siku anaizoea kama mlio wa jogoo wa jirani. Hata meseji ndefu zenye maneno ya kutia moyo hazikuzidi zile fupi. Nikuambie pia na upande wa pili ili usije ukamuahidi mtu miujiza: Cape Town walijaribu meseji kwa watu 1,372 wenye presha kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2016, namba ya juu ya presha ilishuka kama milimita 2 tu zaidi ya wasiopata, na meseji za kujibizana hazikuzishinda zile za kupokea tu. Mashine ilikuwa inajibu, unaona. Kujibiwa na mashine na kupigiwa na mtu anayejua jina lako ni vitu viwili.

Kuna sehemu moja lakini ambapo nataka apu yako iwe na sauti kubwa, nayo ni sukari ikishuka. Chini ya 3.9 mtu anaanza kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, anaongea ovyo, na hapo akili yake haiko ya kusoma grafu. Skrini moja, herufi kubwa, ifunguke hata bila intaneti, bila paswedi, na hata mtoto wa darasa la tatu aweze kuisoma: mpe sasa hivi vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida sio ile isiyo na sukari, subirini dakika 15, pimeni tena, kama bado iko chini rudia. Akiwa hajitambui usimpe kitu mdomoni, kimbia hospitali. Weka na kitufe cha kumpigia mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Hiyo skrini peke yake ina thamani kuliko zawadi zote ulizoweka.

Kuna na mtego wa namba. Vimashine vyetu vingi vinasoma 7, kile alichotumiwa mtu na ndugu yake wa Marekani kinasoma 126, na ni sukari ileile, unagawa kwa 18. Apu isiyouliza kimashine chako ni cha aina gani itamtisha mtu asiye na tatizo au itamwambia mgonjwa yuko salama. Na mtu akikosea nukta akaandika 72 badala ya 7.2, imuulize kwa upole "una uhakika?" isije ikapokea tu. Kuhusu kukokotoa dozi ya insulini, nakuomba kama dada yako, usiguse. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walipitia apu 46 za kukokotoa insulini, asilimia 67 zilikuwa na hatari ya kumpa mtu dozi isiyo sahihi, na hizo zilikuwa zipo sokoni watu wanazitumia. Dozi anapanga daktari na mgonjwa, apu imkumbushe tu walichokubaliana.

Umesema 20 uliowapa wote wana simu janja. Nenda kliniki yoyote ya sukari Jumanne asubuhi uhesabu. Wazee wengi wana kitochi, na simu ya bibi ukiitazama vizuri utakuta ni ya mjukuu, laini ni ya bibi lakini mjukuu anatoka nayo. Kwahiyo kabla hujamtumia mtu chochote muulize nani mwingine anashika hii simu, na angependa meseji isemeje. Sio jambo la adabu peke yake, kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Kusanya kile tu unachokihitaji kumsaidia. Uzito wa kila siku kwa mfano unaufanyia nini? Ufute.

Lugha nayo. Nimekuta apu zimeandika "punguza ulaji wa kabohaidreti" alafu wanashangaa. Mama haendi gengeni kununua kabohaidreti. Muandikie ugali wa ngumi moja badala ya mbili, mboga za majani nusu sahani, chai bila sukari, chapati moja. Na wa Mwanza muwekee samaki na ndizi, usimwekee brokoli. Ukimaliza kuandika mpe asome, kisha mwambie akueleze kwa maneno yake angefanya nini. Wewe kaa kimya. Usimsaidie, usimwambie "bonyeza hapo mama". Kila anapokwama andika. Nimewaona vijana wanatoka jasho dakika tano za kwanza, lakini zile dakika tano zinawapa kazi ya miezi.

Kitu kingine nakuomba ukiibe kwa watu wa Stanford, chuo kikuu cha Marekani. Profesa Kate Lorig na wenzake walitengeneza mafunzo ya wiki sita kwa watu wenye magonjwa ya muda mrefu, yanaongozwa na wagonjwa wenzao, na kila wiki mtu anajipangia kitu kimoja kidogo anachotaka mwenyewe, atafanya nini, kiasi gani, siku ngapi. Kisha anaulizwa, kati ya 0 na 10 una uhakika gani utafanya? Akisema chini ya 7 hawamsukumi, wanamsaidia akipunguze mpaka kiwe kitu anachokiweza. Mgonjwa akisema "nitatembea mpaka kanisani na kurudi siku tatu" na akafanya, anapata kujiamini ambako hakuna pointi ya kwenye simu inayoweza kumpa. Hiyo unaweza kuiweka kwa maswali mawili tu Jumapili jioni, na Jumapili inayofuata uulize imeendaje, na kama haikwenda uulize nini kilizuia badala ya kuweka alama ya kosa.

Sasa ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekuambia hivi, funga kompyuta mwezi mmoja. Chukua wagonjwa kumi akiwemo mama, tafuta nesi mmoja wa kliniki yake akubali kupokea simu kwa saa ambazo mtakubaliana, na kila Jumatatu watumie meseji kwa mkono wako mwenyewe kutoka kwenye simu yako. Andika wanachojibu, wanachouliza, saa ngapi wanajibu, nani ananyamaza na kwanini. Kwa wale 18 walioacha wapigie mmoja mmoja, usiwalaumu, waulize siku waliyoacha ilikuwaje. Ukimaliza hapo ndio utajua cha kutengeneza, na huenda kikawa kidogo sana kuliko ulichonacho. Niandikie tena, na msalimie mama, mwambie akichoka kujaza akuambie tu wala usinune.

SWALI: Mwanangu nesi, mimi ni mama wa miaka 58 wa Tanga, nina presha. Kijana wangu ameniwekea kwenye simu kitu cha kupima, naweka kidole pale kwenye kamera na tochi inawaka, kinanipa namba. Kila siku kinasema 120 kwa 80. Nimefurahi nataka nipunguze vidonge. Ni sawa?

JIBU: Shikamoo mama. Hapana mama, tafadhali usipunguze hata kimoja kwa sababu ya hicho kitu. Iliwahi kuwepo apu moja ya namna hiyo huko Marekani, Instant Blood Pressure, ilinunuliwa sana, watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins walipoipima mwaka 2016 wakakuta kati ya watu wenye presha ya juu karibu wanne kwa watano iliwaambia wako kawaida. Namba nzuri kila siku isiyobadilika ndio inayonitia wasiwasi zaidi, presha ya mtu hai inapanda na kushuka.

Mwambie kijana hela ya bando la mwezi aziweke pembeni mpaka ifike kimashine cha kuvaa mkononi juu ya kiwiko, sio cha kwenye kifundo cha mkono. Kaa dakika tano kimya, umeegemea, miguu chini usipishanishe, mkono uwe mezani usawa wa moyo, uwe umeshaenda haja ndogo na hujanywa kahawa nusu saa hivi. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni kwa wiki moja, andika kwenye daftari la kawaida na uje nalo kliniki. Nyumbani 135 kwa 85 na kuendelea ni ya juu. Ukiona 180 kwa 120 pamoja na kifua kuuma, pumzi kubana, mdomo kupinda au mkono kulegea, usipime tena wala usisubiri asubuhi, nenda. Na kujisikia vizuri sio kipimo mama yangu, presha nyingi haziumi.

SWALI: Hujambo dada, mimi ni muuguzi mwenzako Mombasa. Nilifungua grupu la WhatsApp la wagonjwa wangu wa kisukari, sasa wako 90 na limenilemea. Watu wanatuma dawa za mizizi, wanauliza maswali saa nane usiku, na Ramadhani ikikaribia ndio kabisa. Nilifunge?

JIBU: Sijambo dada, na nakuelewa, simu inalala kitandani kama mtoto mchanga. Usilifunge, lipunguze mzigo. Andika juu kabisa kwamba nesi anajibu saa kumi hadi saa kumi na moja jioni na kwamba dharura hailetwi hapa, weka namba ya kituo. Tafuta wagonjwa wawili watatu waliokaa na ugonjwa miaka mingi, wanaoheshimika, wafundishe, wawe wanapokea wageni na maswali mepesi, utashangaa wenzao wanawasikiliza kuliko wewe. Mtu akituma mizizi usimwaibishe mbele za watu, mfuate pembeni, kisha andika kwa wote jambo moja tu, dawa yoyote mpya tuonyeshane kabla ya kuacha ya hospitali. Na waliomo waambie wazi kwamba kila mmoja anaiona namba ya mwenzake, asiyetaka atoke na umsaidie kwa njia nyingine, kwenu Kenya sheria ya taarifa binafsi ipo tangu 2019.

Kwa Ramadhani usisubiri mwezi uandame. Wiki sita au nane kabla waite wanaotaka kufunga, mmoja mmoja, maana wapo ambao kufunga ni hatari kwao na dozi za wengine lazima zibadilishwe na daktari. Kule Senegal walishawahi kutuma meseji kwa wenye kisukari kipindi hichohicho, kwahiyo hata wewe unaweza kuandaa zako kumi fupi, za daku, za futari, za maji. Mwombe imamu anayeaminika mtaani kwako arekodi sauti ya dakika moja aseme kujichoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, kwasababu hilo ndio linalowafanya wasipime. Na ile meseji moja ambayo lazima kila mtu awe nayo kwenye simu, hata ukituma kila Ijumaa sawa: ukipima ukakuta chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua hapohapo, hata kama zimebaki dakika tano adhana ya magharibi.